Mwaka Niliosomea Uhandisi Mwisenge

Mimi nimesoma uhandisi wa elektroniki pamoja na fizikia. Nimesoma mwaka mmoja, chumba namba nne, nyumba ya korido ya Mama Nyangeta, Mwisenge, Musoma mjini, na anayebisha aje dukani kwangu nimfungulie redio yoyote anayoitaka, nimweleze kila kinachokaa mle ndani kinafanya kazi gani na kwa nini. Wiki mbili zilizopita nilisema maneno hayahaya Butiama, mbele ya maturubai matatu na watu walioshiba pilau, wakacheka mpaka MC akaomba utulivu. Sherehe ilikuwa ya Nyabise, binti wa rafiki yangu Magesa, aliyechaguliwa kwenda kusoma kozi ileile aliyosoma baba yake, chuo kilekile. MC alikuwa amenitambulisha kama "fundi wa baba". Fundi wa baba! Mtu mwenye duka Musoma, duka Bunda na duka Nyamuswa, mtu aliyefunga sola nusu ya zahanati za upande huu, ndo fundi wa baba. Mtu mmoja tu hakucheka, Magesa mwenyewe. Alisimama na suti yake ya kijivu, akasema, "Mwacheni aseme. Huyu mtihani wa chuo ameufanya." Halafu keki ikaletwa, muziki ukapigwa, habari ikaishia hapo. Nimeona niimalizie mimi, kwa maandishi, mahali ambapo hakuna MC.

Kabla ya mwaka ule nilikuwa fundi wa mikono mitupu, na nilikuwa mzuri kuliko wote Mwisenge, hilo halina ubishi hata leo. Betri niliipima kwa ulimi. Kitu kinachochemka niligundua kwa kidole. Kilichoungua nilitoa, nikaweka kingine cha rangi ileile, redio ikaimba, mteja akaondoka anacheka. Fyuzi sikuwahi kununua. Fyuzi, kwa asiyejua, ni kijiwaya chembamba ndani ya kichupa cha kioo kinachokatika umeme ukizidi, ili kilichobaki kipone. Ikikatika, mafundi wote wa mtaa wetu tulikuwa tunaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tunarudisha, kazi imekwisha. Tulijisifia. "Redio ya Masatu haizimikagi," watu walisema, na Masatu ndiye mimi. Na tulikuwa na sheria yetu moja ambayo hakuna aliyetuandikia: ukifungua kitu cha mtu, ukimaliza unakwaruza alama yako kwa msumari ndani ya kifuniko. Yangu ilikuwa M na mshale. Aliyefungua mwisho ndiye anayejibu. Mteja akirudi analalamika, hapakuwa na haja ya kutukanana, tulikuwa tunafungua skrubu nne, tunasoma alama ya mwisho, na mwenye alama anainamisha kichwa.

Magesa alikuja mvua za masika zikiwa zimeanza, na sanduku la bati la bluu lililojaa vitabu na godoro lililolowa upande mmoja. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni. Hesabu zote alikuwa anazimeza kama uji, ila somo la vitendo lilimwangusha mara mbili. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akishika chuma cha kuchomelea anaunguza kifaa, meza na kidole, kwa mpangilio huohuo. Chuo kikampa nafasi ya mwisho: akae nje mwaka mmoja chini ya fundi, atengeneze kwa mikono yake kitu kimoja kinachofanya kazi, kisha mwalimu aje akikague. Kikifanya kazi, anarudi kumalizia. Kisipofanya, anadisko. Kudisko ni neno lao wanafunzi, maana yake unafukuzwa kwa kufeli, na halina muziki wowote. Fundi aliyeelekezwa kwake na ndugu zake ni mimi. Alikuwa na fomu ya kujaza habari zangu, na kwenye mstari wa elimu ya fundi nikamwambia, bila kupepesa, "Andika form tuu." Niliishia la saba. Lakini wakati ule Musoma nzima ilikuwa inajua niliishia form tuu, maana niliwaambia mwenyewe.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazama bomba la uani, kwa hiyo maoni ya wapangaji kuhusu maisha yetu tuliyapata bure kila asubuhi. Siku ya tatu tu nilimsikia Mama Nyangeta, mwenye nyumba, akimwambia mtu huku ndoo inajaa, "Huyo wa namba nne amedisko. Wanamficha. Mtu anasoma miaka mitatu halafu anarudi kukaa na Masatu? Kwani Masatu ni profesa?" Magesa alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema polepole, "Bado sijadisko, fundi." Nikamjibu, "Kunywa chai, mura, kijana wangu. Profesa anakwambia kunywa chai." Tukacheka, lakini nilimwona anavyoikazia macho kalenda ya ukutani.

Sasa hapo ndipo masomo yangu yalipoanza, na yalianza kwa ubishi. Nilibadilisha kapasita kwenye redio ya mteja, nikasema hiki kidude kazi yake ni kusafisha sauti. Magesa akasema hapana. Nikamuuliza wewe uliyefeli kushika chuma utaniambia nini. Mtoto wa wafugaji wa Butiama yule, akachukua kipande cha mkaa akachora ukutani, juu ya kitanda changu, zizi. Akasema umeme ni ng'ombe wanaotembea. Fimbo inayowasukuma kutoka nyuma, hiyo ndo volti. Upana wa mlango, hapo ndo kwenye rezista: mlango ukiwa mwembamba wanapita wachache. Na kapasita? "Hilo ndilo zizi lenyewe. Likiwa tupu, ukifungua mlango wanaingia wote kwa kishindo. Likijaa, hata upige fimbo, hakuna anayeingia." Nilikaa kitako sakafuni. Miaka mitano nilikuwa nafungua redio, na siku zote mle ndani kulikuwa na ng'ombe mimi siwaoni! Nilimwamsha alfajiri kesho yake nimuulize transista ni nini. Akasema ni mtoto aliyekaa juu ya mlango wa zizi: ukimgusa kidogo bega, anafungua mlango mkubwa. Jamani. Mpaka leo nikiandika hivi damu inanichemka kwa furaha, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba anayoishi ina ghorofa ya juu.

Ukuta ukajaa. Mama Nyangeta alifungua mlango siku moja kuulizia sabuni yake, akasimama pale anatazama mishale, mazizi na herufi za Kigiriki. "Nyie mnaniandikia uchawi ndani ya nyumba yangu?" Magesa akamwambia, "Shikamoo mama, hiyo ni fizikia." "Marahaba. Hiyo fizikia itapigwa chokaa na nani?" Nikasema mimi. Akageuka kuondoka, akarudi, akanyoosha kidole kwenye zizi kubwa: "Na hawa ng'ombe mbona hawana mikia?" Bwire, mchuuzi wa samaki wa chumba namba tano, ambaye alisikia kila kitu kwa kuwa kuta zetu hazikufika darini, akapaza sauti kutoka kwake, "Mura, huko ndani mnasoma au mnachunga?"

Na mimi nilimfundisha mikono. Hicho watu wa chuo hawakukiweza, nilikiweza mimi. Kila siku mchana tulikula ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama, na nikamkataza kula haraka. Nilimwambia chambua kila mwiba kwa ncha za vidole, usikate nyama, na ukiona mkono unatetemeka toa pumzi kwanza. Alilia njaa wiki nzima. Wiki ya sita alichambua furu mzima akabaki mfupa mmoja mrefu kama kitana, na siku hiyohiyo nikampa chuma cha kuchomelea, akaunganisha nyaya mbili bila kuunguza meza. Nilipiga kelele mpaka Bwire akaja mbio akidhani tumeshikwa na umeme.

Kitu alichochagua kutengeneza kilikuwa taa ya kuvulia dagaa. Wavuvi wa Bukima walikuwa bado wanatumia karabai, taa za mafuta zenye kuvuma, na yeye akataka kasha dogo linalokaa kati ya betri ya gari na vitaa vyeupe, livipimie umeme visiungue. Tulilipeleka mwaloni Bukima asubuhi moja, boti zikiwa zimerudi, na wavuvi wakalizunguka. Mmoja akaweka sikio. "Mbona liko kimya? Karabai inaongeaga. Ikinyamaza najua imekufa. Hili nitajuaje?" Mwingine akamjibu, "Utajua kwa kuona, kwani wewe unavua kwa masikio?" Tulirudi Musoma tunaimba.

Mwalimu alikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mama mfupi, Dokta, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na viatu vya kutembelea vumbi, na tayari tulishaambiwa kwamba akitoka kwetu analala Bunda, kesho yake ana mwanafunzi mwingine wa kumkagua Nyamuswa. Asubuhi ile Magesa alikwenda stendi kumpokea. Mimi nikabaki dukani na lile kasha juu ya meza, limefutwa linang'aa. Sasa mtu kama mimi unamwachaje na kasha? Nikasema niliwashe, nione kama liko salama. Nikaunganisha betri, tap! Fyuzi ikakatika. Fyuzi nyingine sikuwa nayo. Nikatazama barabarani, hawajafika. Mkono wangu ulijua la kufanya kabla kichwa hakijaulizwa: pakiti ya sigara, karatasi ya fedha, zungusha, rudisha. Nikawasha, likawaka kama jua. Nikafunga kifuniko, na kwa mazoea ya miaka mitano nikawa nimeshakwaruza kwa ndani M na mshale.

Dokta aliangalia kila kitu, kimoja kimoja. Alimuuliza Magesa maswali, Magesa akajibu kama anasoma ukutani. Alimwangalia mikono anavyochomelea, akaandika. Mimi nilisimama mlangoni nimevimba kama baba wa bwana harusi. Mwisho Dokta akasema, "Wavuvi wana mikono yenye maji. Siku moja nyaya zitagusana. Kinga yako iko wapi?" Magesa akatabasamu, hilo ndilo swali alilokuwa analisubiri. "Fyuzi, Dokta. Itakatika, kasha litapona." "Tuone." Akachukua bisibisi yangu mwenyewe, akailaza juu ya nyaya mbili zinazopeleka umeme kwenye vitaa. Haikukatika. Karatasi ya sigara haikatiki kirahisi. Nyaya zikawa nyekundu, plastiki ikayeyuka, moshi mweusi ukatoka kwenye matundu, na mpaka nilipong'oa betri kasha lilikuwa limelinukisha duka zima. Dokta akakohoa. Akafungua kifuniko kwa ncha ya kalamu, akatazama ndani palipojaa masizi, akafunga. Akaandika mstari mmoja. Magesa aliuona, na mimi niliuona kwa kupitia kwenye bega lake: kinga haifanyi kazi.

Alipoondoka, Magesa hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa juu ya sanduku lake chumbani anatazama ukuta. "Hesabu zangu zimenidanganya," akasema. "Nilipiga mara tatu. Ilipaswa kukatika. Kama hii ni uongo, basi yote ni uongo, fundi." Akachukua kitambaa kilicholowa, akaanza kufuta ng'ombe. Nami nimesimama hapo ninajua. Ningeweza kusema palepale, na sikusema. Fundi Masatu, form tuu, fundi bora Mwisenge, aseme ameunguza mtu maisha kwa pakiti ya sigara? Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka stendi. Akapanda gari la kwenda kwao Butiama. Alinipa mkono akasema, "Asante kwa furu."

Ni hilo neno la furu lililonichoma. Nilirudi dukani, nikafungua kasha, alama yangu ikanitazama, imekwaruzwa vizuri, mpya, haina hata kutu. Aliyefungua mwisho ndiye anayejibu. Sheria hiyo nilikuwa nimewasomea wenzangu mara ngapi? Nilimkuta Bwire anamwaga maji ya barafu, nikamwambia nipe pikipiki. "Ina kreti la samaki nyuma." "Iache na kreti lake." "Unaenda wapi?" "Chuo kikuu," nikamjibu, nikapiga kiki.

Nilipofika njia panda ya Butiama nilipunguza mwendo. Kulikuwa na njia mbili rahisi: nigeuke kushoto nikamwombe rafiki yangu msamaha, au nirudi nyumbani. Msamaha wa Magesa usingemrudisha chuoni. Nikanyoosha, upepo unanipiga usoni, maji ya samaki yananichirizika mgongoni, kasha nimelifunga kifuani kwa kanga ya Mama Nyangeta niliyoianua kambani bila kuomba. Bunda niliingia jua bado la moto. Nyumba ya wageni ya kwanza hayupo, ya pili hayupo. Nikamkuta kwa mama lishe karibu na stendi, mbele yake sahani ya ugali na sato, miwani imening'inia. Shombo langu lilimfikia kabla yangu.

"Shikamoo Dokta. Kasha nimeliunguza mimi." Akaacha kutafuna. Nikalifungua mezani, nikamwonyesha karatasi ya sigara, imegeuka nyeusi. "Nitajuaje hujaja kumwokoa rafiki yako? Ukiweka hii karatasi saa hizi mimi nitajuaje?" Nikampa kifuniko. Nikamwambia sheria yetu ya alama, kwamba hakuna fundi Musoma anayekwaruza alama yake kwenye kazi ambayo hakuifungua, maana atajibu yeye. Akavaa miwani. "Hii M nimeiona asubuhi," akasema. "Nikadhani ni Magesa." "Hapana, ni Masatu. Magesa hakujua."

Mama lishe alikuwa amesimama na kijiko hewani, wateja wamegeuza viti. Dokta akasukuma sahani pembeni. "Sawa. Niambie, hiyo fyuzi ya kwanza, ya halali, ilikatika kwa nini? Kulikuwa na kosa gani?" Jamani, huo ndo mtihani wangu. Nilikaa bila kukaribishwa. Nikamega ugali wake, ndiyo, wa kwake, nikatengeneza zizi kwenye sahani. Nikamwambia, Dokta, ndani kuna kapasita kubwa, na asubuhi ilikuwa tupu. Nilipounganisha betri, ng'ombe wote wakaingia kwa kishindo kwa kufumba na kufumbua, mlango dhaifu ukavunjika. Si kwamba nyaya ziligusana. "Kwa hiyo fyuzi nene zaidi?" akaniuliza, ananitega. "Hapana, hiyo ni karatasi ya sigara yenye bei! Unatanguliza ng'ombe mzee mlangoni. Rezista inayobana ikiwa baridi, ikipata joto inalegea. Wanaingia polepole, zizi likijaa mzee anapisha." Mzee mmoja mwenye fimbo, mezani kwa nyuma, akasema kwa sauti, "Huyo anasema kweli, ng'ombe wako hivyo." Dokta akacheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza swali lingine, la mawimbi na rangi ya mwanga ndani ya maji, na hapo nikatafuta ukutani kwangu, sikukuta kitu. "Hilo sijui," nikasema. Nafikiri ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele za watu. Halikuniua.

"Haya yote umeyatoa wapi?" "Kwa Magesa." Akanawa mikono taratibu. "Kesho saa nne nipo Nyamuswa. Aje na kasha, na fyuzi ya dukani. Nitalaza bisibisi tena."

Niliwahi maduka ya Bunda, nikanunua nyaya, rezista na fyuzi, fyuzi zangu za kwanza maishani. Butiama nilifika ng'ombe wanaingia zizini. Magesa alikuwa ameshika mti wa mlango, kavaa gamboti za kaka yake. Nilimwambia yote nikiwa bado juu ya pikipiki, injini inanguruma, kwa hiyo ilibidi nipige kelele, na nyumba nzima ikasikia. Akainua ule mti wa mlango na kwa dakika moja sikujua kama ni kwa ajili ya ng'ombe au kichwa changu. "Kwa hiyo hesabu zilikuwa sawa?" "Zilikuwa sawa, mura. Mjinga ni mimi." Akautupa mti chini, akanikumbatia na shombo langu, ng'ombe watatu wakatoka nje, tukawakimbiza huku tunacheka kama vichaa. Alfajiri tukawasha makaa ya mama yake, tukapasha chuma cha kuchomelea. Mimi sikugusa kitu. Alitoa pumzi, mkono ukatulia, akaunganisha waya baada ya waya kama anachambua furu.

Nyamuswa, barazani kwa fundi mwingine, Dokta akalaza bisibisi. Tap! Kimya. Hakuna moshi, kasha la baridi. Nilirukaruka. Mtu niliyejisifia kwamba kazi yangu haizimikagi, nashangilia kitu kuzima! Magesa akaweka fyuzi mpya, taa ikawaka, Dokta akakata ule mstari wa jana na kuandika mwingine. Kisha akanigeuzia fomu nisaini. Nikaona ule mstari wa elimu ya fundi. Nikaomba kalamu, nikakata "form tuu", nikaandika "darasa la saba", na chini, kwa kuwa nilikuwa nimelifungua jambo hili mwisho, nikachora M na mshale. Magesa alisoma, akanitazama. Barabarani, tumeshafika mbali, ndipo akasema: "Nilikuwa najua, fundi. Form tuu wangekufundisha kipimo cha betri kisicho ulimi."

Siku ile ya sherehe, pale Butiama, maturubai yakiwa yanafunguliwa na watu wanagombea mabaki ya pilau, Nyabise alinifuata kwenye gari. "Baba mkubwa, ni kweli karatasi ya huo mtihani wako ipo chuoni?" Nikamwambia ipo. Ukifika, waombe wakufungulie faili la baba yako, tazama chini kulia. Halafu nikatoa mfukoni msumari wangu, ule wa alama, umechakaa ncha, nikamwekea kiganjani. Akauliza ni wa nini. "Ukifungua kitu, ukwaruze jina lako ndani," nikamwambia. "Kikiwaka, kwaruza. Kikiungua, kwaruza zaidi."